Mikono Nyuma

Katika wodi ya kiharusi, kazi ngumu kuliko zote ni kutofanya kitu. Mgonjwa anahangaika na kifungo cha shati, jasho linamtoka, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, na muuguzi yuko hapo hapo kando yake, mikono nyuma, anatazama. Ndugu wanaokuja mara ya kwanza huona hiyo ni roho mbaya. Shangazi mmoja aliwahi kwenda hadi kwa mganga mkuu kulalamika kwamba wauguzi wa wodi ile wanalipwa kusimama kama walinzi wa benki.

Mtindo huo wa mikono nyuma uliletwa na Sista Mkuu, kiongozi wa wodi. Mkono uliopooza, aliwaambia wauguzi wake, ni kama mtu aliyesusa: ukimfanyia kila kitu huko huko aliko, hana sababu ya kurudi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye sauti ya kuomba samahani hata alipokuwa akitoa amri. Wauguzi walimtii upesi, maana hujui uanzie wapi kubishana na mtu asiyepaza sauti.

Mtu mmoja tu alikuwa amemshinda, naye ni mke wa Fundi Shoto.

Fundi Shoto alikuwa fundi cherehani, tena wa suti na magauni ya harusi, na jina hilo alilipata kwa sababu alishika mkasi kwa mkono wa kushoto. Kiharusi kilipompiga, kikachagua kushoto huko huko. Mguu ulikuwa umeanza kukubali. Mkono ulilala tu juu ya shuka kama kitu alichosahau mgeni. Kila mchana mkewe aliingia na chupa ya supu kutoka nyumbani, akavuta kiti upande wa kulia, akamfunga mumewe kitambaa kifuani na kumlisha kijiko baada ya kijiko, akimpangusa kidevu kila mara.

"Mama," Sista alimwambia zaidi ya mara moja, "hapa kwetu tunamwacha mgonjwa ajaribu mwenyewe."

"Sawa, mwanangu," mama alijibu kwa adabu zote, akachota kijiko kingine.

Ndipo daktari akasema neno. Ilikuwa siku ya kuzungukia vitanda, naye alikuwa amekunja uso, kwanza kwa sababu ya presha ya Fundi Shoto, iliyokuwa ikipanda ingawa dawa zilishaongezwa, kisha kwa sababu ya mkono.

"Hausogei hata kidogo," alisema. "Tukikaa kikao Alhamisi na mambo yakiwa hivi hivi, tumpeleke wodi ya nyuma. Kitanda kinahitajika."

Wodi ya nyuma ilikuwa jengo la pili kutoka pale, safi, tulivu, lenye mapazia mazito. Huko wagonjwa walioshwa, walilishwa na kugeuzwa kwa wakati. Hakuna aliyefanyishwa mazoezi. Sista hakukumbuka mtu aliyetoka huko akarudi kwenye kazi yake.

Jumatatu asubuhi alimwona Dereva akija kwenye ushoroba. Dereva, mzee wa malori ya masafa marefu, alilala kitanda cha jirani na Fundi Shoto, na shida yake kubwa ilikuwa suruali. Hospitali ilikuwa imempa moja ya kumtosha yeye na utingo wake, kwa hiyo alitembea na fremu yake ya chuma akiishika kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika kiuno. Leo mikono yote miwili ilikuwa kwenye fremu, na suruali imetulia kiunoni kama ya bwana harusi.

"Nani ameipunguza?" Sista aliuliza.

"Ipi?"

"Hiyo uliyovaa."

Dereva akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Ah, hii. Imesinyaa."

"Imesinyaa na kushonwa mkunjo?"

"Siku hizi sabuni zina mambo, Sista."

Sista akamwacha na sabuni zake, akaenda kitanda cha jirani. Fundi Shoto alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, akikoroma mkoromo ambao wodi ile haijawahi kuusikia. Sista akavuta kiti, akakaa, akangoja. Mkoromo ukapungua kasi. Jicho moja likafunguka kidogo, likamwona, likajifunga.

"Fundi," alisema taratibu, "uzi umebaki kwenye kidole."

Mkono wa kushoto ukaingia chini ya shuka. Uliingia wenyewe, polepole na kwa kutetemeka, lakini uliingia, na wote wawili wakabaki wakilitazama lile tuta dogo chini ya shuka.

Sista akageukia ukuta kwanza, maana si vizuri kiongozi wa wodi kumcheka mgonjwa usoni. Alipogeuka tena, Fundi Shoto alikuwa amekaa, na mzaha umemtoka.

"Usimwambie mke wangu."

"Mzee, daktari anataka kukupeleka wodi ya nyuma Alhamisi."

"Anipeleke. Mradi na huko wanaruhusu watu kuja na supu."

Ikabidi aeleze. Mwaka jana binti yao aliolewa, na mkewe, ambaye maisha yake yote alivaa nguo zilizoshonwa na mumewe, akaamua kujishonea gauni mwenyewe kwa siri, la samawati, kwa ajili ya siku ile. Alijitahidi. Ila pindo la chini lilipanda huku na kushuka kule. Fundi Shoto alivumilia mpaka wakati wa picha. Hapo, mbele ya wakwe, alipiga goti, akatoa mkasi mfukoni na kuanza kulifumua.

"Mbele ya wakwe?" Sista aliuliza.

"Sikuwaona, mwanangu. Mimi niliona pindo."

Mkewe alisimama kwenye picha zote nyuzi zikining'inia, na kesho yake akahamia kwa dada yake. Hakukanyaga tena nyumbani hadi siku alipoambiwa mumewe amepooza.

"Sasa anakuja kila siku," Fundi Shoto alisema. "Ananifunga kitambaa. Ananisimulia habari za majirani. Mkono huu ukipona, atachukua chupa yake na kwenda zake. Nifanyeje?"

Sista aliujua vizuri usiri wa mgonjwa, lakini na wodi ya nyuma aliijua vizuri pia. Siku ile nzima alijikwaa kwenye ndoo za wahudumu, akiwaza.

Jumanne alimsubiri mama mlangoni mwa wodi. Alikuwa amepanga maneno tangu alipoamka, na yote yakampotea.

"Mama, samahani, kuna jambo kidogo, kuhusu mzee, yaani si baya..."

"Kuhusu mkono?" mama alisema. "Kwamba unafanya kazi?"

Sista akamvuta kando ya mlango.

"Mwanangu, mkono ule naujua kuliko yeye mwenyewe anavyoujua. Wiki iliyopita kijiko kiliniponyoka, ukakidaka. Akajikausha kama hakuona. Na mimi nikajikausha. Basi toka siku hiyo nikawa naongeza chumvi kwenye supu."

"Chumvi?"

"Kila siku kidogo zaidi ya jana. Nilitaka nione atafika wapi. Jana macho yalimtoka kama chura, lakini akameza, akasema, 'Tamu, mke wangu.'" Mama akatazama chupa yake. "Tangu tuoane hajawahi kuniambia kitu nilichofanya ni kizuri. Ningeachaje?"

Sista akashika kichwa. Ile presha. Zile dawa zilizoongezwa. Daktari aliyekuwa hapati usingizi akitafuta chanzo kwenye figo za watu.

"Mama, chumvi kwa mtu wa kiharusi ni sumu. Presha yake imepanda karibu itoboe dari."

Uso wa mama ukabadilika. Alifungua chupa pale pale, akaenda kuimwaga supu yote kwenye sinki la wodi, akarudi akijipangusa macho kwa kiganja.

"Mjinga ni mimi sasa," alisema. "Lakini Sista, nisipomlisha nitakuja kufanya nini? Nilisema sirudi. Nilisema mbele ya dada na shemeji, tena kwa sauti."

Na hapo Sista Mkuu, ambaye hata kumwomba mtu asogee kwenye foleni humtoa jasho, akajikuta anatabasamu tabasamu la mtoto aliyeona kabati la sukari liko wazi.

"Mama," alisema, "lile gauni la samawati bado unalo?"

Jumatano mchana alimwomba daktari apite wodini wakati wa chakula, akamwomba na mtaalamu wa mazoezi pia. Hakusema kwa nini. Dereva hakuombwa, lakini alikuwa ameshageuza kiti chake kuelekea kitanda cha jirani.

Mama aliingia bila chupa. Gauni lilikuwa zuri la rangi, lakini pindo, Mungu wangu, lilipanda na kushuka kama barabara ya milimani, na pale lilipofumuliwa, nyuzi zilikuwa zinaning'inia bado. Akapita upande wa kulia aliouzoea, akazunguka kitanda, akasimama upande wa kushoto. Sinia la chakula cha hospitali lilikuwa mbele ya mumewe. Mama akaweka mikono nyuma.

"Huli?" alimwuliza.

Fundi Shoto hakumsikia. Alikuwa ameona uzi.

"Kuna uzi," alisema.

"Uzi gani?"

"Hapo chini."

"Mimi sioni uzi. Kula."

Alitazama kijiko, akatazama uzi. Mama akasogea kidogo, uzi ukacheza. Shuka likatikisika. Mkono ukatoka, ukasita ukingoni mwa kitanda, ukashuka ukitetemeka hadi ukalikamata pindo kwa vidole viwili. Kalamu ya daktari ikasimama juu ya karatasi. Vidole vikatembea kwenye mshono, vikafika pale penye kona mbaya kuliko zote, vikatulia.

Ndipo Fundi Shoto akatambua kwamba wodi nzima imekaa kimya, na kwamba mkewe anamtazama.

"Haya, sema," mama alisema. "Limepinda?"

Mtu huyu alikuwa amewahi kumrudisha bwana harusi kutoka mlangoni kwa sababu ya mkunjo wa suruali. Alilitazama pindo kwa muda mrefu.

"Limenyooka," alisema.

Dereva akapaliwa na maji.

"Limenyooka kweli?"

"Kama rula."

"Mwongo mkubwa wewe," mama alisema, na machozi na kicheko vikamtoka pamoja. "Basi shika kijiko kwa mkono huo huo. Ukimaliza sahani, nitampigia dada anifungashie vitu vyangu."

Fundi Shoto akashika kijiko. Kikaanguka. Akakishika tena, akachota, akakipandisha. Katikati ya safari mkono ukaanza kuyumba, na mchuzi ukatiririka hadi kwenye kiwiko. Mama akaruka mbele kumsaidia, Sista akamwahi na kumshika viganja kwa nyuma. Kijiko kikayumba zaidi. Sasa Sista naye akataka kwenda, na mama ndiye aliyembana vidole. Walisimama hivyo, wameshikana nyuma ya gauni la samawati, wala hujui nani alikuwa anamzuia nani, mpaka kijiko kikafika mdomoni.

Fundi Shoto akatafuna. Akakunja uso.

"Hakina chumvi," alisema.