Mwongeli wa Obura

Mwongeli alikuwa ameshika kikaratasi chenye nambari kumi na tisa mpaka kikalowa jasho. Wiki iliyopita, katika kliniki hii ya Komarock, alitolewa damu ili ijulikane kama amebeba jeni ya sikoseli, ugonjwa wa damu unaorithiwa. Obura, mchumba wake, alikwisha kupimwa, naye anayo. Ikiwa wote wawili wanayo, watoto wao wanaweza kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba kwa desturi ya Wakamba, walikuwa wapelekwe kwa wazazi wake kesho yake, Jumamosi. Mwongeli alitaka jambo moja tu: ajue yeye kwanza, kisha amwambie Obura kwa kinywa chake.

Ghafla akasikia sauti anayoijua pale mapokezi. Ni Anti Adongo, aliyemlea Obura. Mwongeli akajikunyata nyuma ya mama aliyebeba mtoto.

"Kijana, nimekuja kuchukua majibu ya mtoto wangu."

"Anaitwa nani, mathe?" aliuliza Muoki, karani.

"Mwongeli."

"Mwongeli nani?"

Anti Adongo akasita. "Mwongeli wa Obura."

Benchi zima likacheka chini kwa chini. Mwongeli alitamani sakafu immeze.

"Mathe, hapa hakuna Mwongeli wa mtu. Kuna nambari."

"Mimi ni mama yake. Na damu ni ya ukoo. Wajukuu wakiugua, utawalea wewe?"

"Damu ni ya ukoo, sawa. Lakini karatasi ni ya mwenye mkono uliodungwa. Habari za jeni, sheria inaziita data nyeti. Hata mamangu mzazi akija hapa, nitampa kiti tu."

"Hiyo sheria imezaa wangapi?"

"Haijazaa, mathe. Ila ina meno."

"Nambari kumi na tisa," nesi akaita kutoka ndani.

Akiinuka, ataonekana. Asipoinuka, atarudi Jumatatu, mbuzi wakiwa wameshafika. Mwongeli, ambaye hata kwenye mkutano wa vijana kanisani huinua mkono nusu, akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Habari ya asubuhi, anti. Majibu ni yangu. Obura atajua leo. Wewe utajua tukikuambia."

Anti Adongo aligeuka. "Kumbe una sauti," akasema.

Ndani, nesi alifunga mlango kwanza, ndipo akampa bahasha. Mwongeli akasoma mara mbili, akaomba aelezwe mara ya tatu. Hana. Hana hata chembe. Kicheko kikampanda kooni. Akakimeza, akakaza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akatoka.

Anti Adongo hakumtazama usoni. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mkononi ana kikaratasi cha nambari ishirini na tatu.

"Nyathina, binti yangu," alinong'ona, "mwanangu wa kwanza alikufa akilia mifupa inamuuma. Walisema nimerogwa. Nataka nipimwe, nijue kama nami ninayo. Lakini Obura asijue."

Mwongeli akamshika bega. "Mimi sijakuona hapa, anti."

Akatembea polepole hadi langoni. Alipoivuka kona, asionekane na mtu wa kliniki, akatimua mbio kando ya Barabara ya Kangundo, viatu mkononi, simu aliyompigia Obura ikiita sikioni.