Filamu Aliyoisimulia Karani

Deki ya video ilipoila ile kaseti kwa mara ya mwisho, fundi viatu hakulalamika sana, maana wakati ule mke wake alikuwa mzima na maneno yake yalikuwa tele. Aliivuta tepe kutoka tumboni mwa deki, ikatoka imekunjamana, akasema potelea mbali, filamu yenyewe iko kichwani mwa Karani. Ndivyo alivyomwita mkewe tangu siku za uchumba, kwa sababu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wageni. Mkewe naye alimwita Fundi, hata mbele ya watu.

Sasa miaka minne imepita. Kiharusi kimempiga Karani upande wa kulia na kuondoka na ulimi wake, na huu ni mwezi wa tano hajatamka neno. Daktari alisema akili yake ni nzima, anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, ila maneno hayana pa kutokea. Fundi alishukuru mbele ya daktari, akafika nyumbani akakaa kwenye kigoda chake cha kazi akalia. Mtu aliyeishi miaka thelathini na tano na mwanamke msemaji haombi mali, anaomba zile kelele zirudi.

Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, mtu asiyejua kukaa bure, ndiye aliyeleta wazo.

"Baba, tumwekee Mama ile filamu yenu. Kitu alichokizoea hivyo kinaweza kumshtua ulimi."

"Kaseti imekufa, mwanangu."

"Kaseti imekufa, filamu haijafa. Niachie mimi, Jumapili nitakuja nayo."

Fundi alimwachia. Tangu siku hiyo akawa anaingoja Jumapili kuliko mwenye harusi anavyoingoja siku yake. Hakuwa na haja na filamu. Alichotaka ni kumsikia Karani akiisimulia tena, hata kama ni sentensi moja, hata kama ni kwa ulimi mzito.

Kaseti ile na deki yake zilikuwa zawadi ya bosi wa Karani, aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka kubeba mizigo. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, na watu wake walizungumza lugha ya yule bosi, ambayo Fundi hakuijua zaidi ya salamu. Lakini mkewe si alishinda na watu hao kutwa nzima? Basi Jumapili ya kwanza, vyombo vikishaoshwa, Karani alikaa chini kwenye mkeka, mgongo kwenye miguu ya mumewe, akaanza kumwambia kila mmoja anasema nini. Jumapili iliyofuata wakairudia, na iliyofuata tena. Kaseti nyingine walikuwa wakiazima na kurudisha, za ngumi na za nyimbo, lakini ile ilikuwa yao. Deki tatu zilizeeka juu ya meza ileile. Binti alizaliwa, akaota meno, akaolewa, na Karani bado anasimulia.

Alikuwa fundi wa kusimulia kuliko mumewe alivyokuwa fundi wa viatu, na hilo Fundi mwenyewe alilikiri. Filamu ilihusu mume na mke wenye nyumba ya wageni kando ya reli. Karani alimpa mume sauti ya kukwaruza, na mke sauti ya chini. Mgeni mmoja mnene, ambaye kila akionekana alikuwa anakula, alipewa historia ya kuwakimbia wake wawili kwa siku moja, na binti alipokuwa mdogo alikuwa akigaagaa sakafuni kwa kicheko kila mnene huyo akifungua mlango.

Kisha ilikuja ile sehemu ya jikoni. Mwanamke anasimama mlangoni, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Mumewe amekaa anatengeneza taa. Mwanamke anasema maneno machache, mwanamume hainui kichwa. Hapo Karani alikuwa akishusha sauti.

"Anamuuliza, 'Mtoto wetu ulimlaza wapi?' Mtoto alikufa mama mtu akiwa hajitambui. Baba akaenda kuzika peke yake. Tangu hapo hajawahi kumpeleka mkewe akaone."

Mara ya kwanza Fundi kuyasikia hayo, aliona kama ni yake yanayosemwa. Kabla ya binti yao walipata mtoto wa kiume, akaishi siku tatu. Karani alikuwa hospitali, homa ya uzazi imempanda, hamjui mtu. Fundi na mjomba wake walimchukua mtoto wakaenda kumzika, mvua inanyesha. Alipopata nguvu Karani aliuliza, na Fundi akajibu, "Tutakwenda, ngoja upone vizuri." Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Hakuuliza mara ya tatu.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza Fundi alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Karani alikuwa anaangalia kioo, anasimulia kama anayesimulia ya majirani. Fundi akatulia. Tena, tuseme kweli, alifarijika. Kumbe hata huko mbali, kwenye nyumba kubwa yenye taa za kuning'inia, kulikuwa na mwanamume aliyeulizwa swali lilelile na akashindwa kuinua kichwa. Akampenda mtu yule. Kila sehemu hiyo ilipofika alimtetea.

"Mwanamume naye ana yake moyoni," angesema.

"Basi ayatoe," angejibu Karani.

Wakaendelea kutazama. Karibu miaka thelathini ilikwenda hivyo, kila Jumapili, na mtu mzima mwenye akili zake hakuona kitu. Au aliona akajifanya kipofu, maana ukipenda kulala hata kelele za mwizi utasema ni panya.

Jumapili waliyoingoja ilifika. Binti alikuja na diski kutoka duka la filamu za zamani, ameifunga kwenye leso isije ikakwaruzika. Walimkalisha Karani kwenye kochi, mito kulia na kushoto, na Fundi akakaa upande wa kushoto aushike ule mkono ulio hai. Binti akabonyeza.

Picha ilikuwa safi mno, haina zile chengachenga walizozizoea, hata Fundi akaona kama ni watu wengine waliovaa nguo za wale wa zamani. Halafu akaona maandishi chini ya picha.

"Nini hiyo?"

"Kiswahili, Baba. Wameandika wanachosema. Sasa Mama asipoweza kutusimulia, tutasoma wenyewe."

Fundi alivaa miwani. Alisoma polepole, kwa midomo. Mwanzoni alidhani waliotafsiri wamekosea. Mke na mume, ambao kwa Karani walikuwa wakizungumza juu ya ndoto mbaya, walikuwa wanazungumza juu ya paa linalovuja. Mtu wa posta, ambaye kwa Karani alileta habari za vita, alileta mbegu za maua. Mnene akafungua mlango, akakaa, akaagiza supu, na binti akaanza kucheka.

"Mama, kumbe huyu ni daktari wa mifugo. Anatafuta ng'ombe mgonjwa. Wale wake wawili ulimwoza wewe?"

Fundi naye alicheka, akaubinya mkono wa mkewe. Alidhani amelielewa jambo zima: Karani alikuwa anachapa barua za lugha ile herufi kwa herufi, haijui zaidi ya alivyoijua yeye, na kwa miaka yote hiyo alikuwa anawapiga chuku. Akamwona mkewe shujaa. Alitaka kumwambia hivyo, na bado alikuwa anacheka, pale mwanamke wa filamu alipokuja kusimama kwenye mlango wa jikoni.

Midomo ya mwanamke ikacheza. Chini pakaandikwa: *Nikupakulie sasa, au umngoje mgeni?*

Mwanamume hakuinua kichwa. Alikuwa hajamaliza taa yake.

"Rudisha kidogo," Fundi alisema.

Binti akarudisha. Kitambaa, mlango, taa. *Nikupakulie sasa, au umngoje mgeni?*

"Jamani Mama," binti alisema, anafuta machozi ya kicheko. "Na mtoto je? Hakuna mtoto humu ndani. Utoto wangu wote namlilia mtoto ambaye hakuwapo." Akainuka. "Ngoja nikamletee uji wake, saa imepita."

Akaenda jikoni. Fundi alivua miwani. Alipogeuka alimkuta Karani haangalii televisheni. Alikuwa anamwangalia yeye, bila kupepesa, na ilionekana alikuwa amemwangalia hivyo tangu zamani.

Wala hakuwa na pa kukimbilia. Mwenzake hakuwapo. Yule mwanamume wa taa, aliyemtetea karibu miaka thelathini, aliulizwa habari za chakula tu, na labda alijibu baadaye, na labda walikula wakaenda kulala kwa amani. Katika dunia nzima aliyeulizwa lile swali ni mtu mmoja. Aliulizwa mara mbili kwa kinywa cha mkewe, na kisha, kinywa hicho kilipochoka, aliulizwa kila Jumapili kwa kinywa cha mwanamke wa kwenye kioo, na kila Jumapili akajibu kwamba mwanamume naye ana yake moyoni. Fundi aliona aibu hata masikio yakawaka moto.

Akanyoosha mkono akaizima televisheni.

"Karani," alisema. "Ulikuwa unaniuliza mimi."

Karani alifumba macho, akayafumbua. Tangu augue, hiyo ndiyo "ndiyo" yake.

Fundi alipiga moyo konde. Alisema mambo aliyokuwa hajamwambia mtu. Kwamba mtoto alivingirishwa kwenye shuka jipya, lile la mistari ya buluu walilolinunua kwa ajili ya kitanda chao. Kwamba yeye ndiye aliyembeba njia nzima, mjomba alikuwa na jembe tu. Kwamba alikuwa mwepesi mno, na njiani alifunua shuka mara mbili kumtazama, na alikuwa na paji la uso la Karani hasa. Mkono wa kushoto wa mkewe ulikuwa unaukaza wake kwa nguvu ambayo Fundi hakujua kama bado anayo. Machozi yalimtoka Karani, na Fundi akaona ajabu, kwamba uso wake ulikuwa umelainika, kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa anamegewa mtoto wake kidogokidogo. Fundi angeweza kuishia hapo. Lakini mwenye kuanza kusema kweli baada ya miaka mingi hajui pa kusimama.

"Tulichomeka kijiti," alisema. "Mjomba alisema kijiti kinatosha, tutarudi kuweka jiwe. Ulipoanza kuniuliza nilikwenda kwanza peke yangu, nipasafishe ndiyo nikupeleke. Mvua ilikuwa imechukua vijiti vyote, Karani. Upande ule wa watoto ulikuwa tope tupu, na wengine walishazikwa juu. Nilikwenda mara tatu. Hata mjomba nilikwenda naye, naye hakupajua. Mlinzi wa makaburi akasema watoto wachanga hawawaandiki. Sijui alipo. Sikuwa nakuficha mahali. Mahali penyewe sina."

Mkono wa Karani ulilegea. Ulibaki ndani ya wake kitambo kidogo, kisha ukatoka, polepole, ukaenda kulala juu ya paja lake mwenyewe. Akageuza uso ukutani.

Ndipo Fundi alipoelewa alichokifanya. Karani hakuwahi kufikiri kwamba kaburi limepotea. Alifikiri mumewe analijua na hasemi, kwa ugumu wa moyo au kwa uchungu, na mwenye kujua iko siku atasema. Kwa hiyo alikuwa akiuliza, na alipouliza alikuwa na tumaini. Mpaka dakika ile mtoto wake alikuwa amelala mahali fulani, chini ya jiwe, na njia ya kwenda huko alikuwa nayo baba yake. Sasa hapakuwa na njia wala jiwe.

"Nisamehe," alisema. Karani hakufumba macho wala hakuyafumbua kwa namna ya kumjibu. Alilia tu, bila sauti, maana hata ya kulilia hakuwa nayo, na hilo Fundi aliliona gumu kuliko yote. Mwanamke yeyote ana haki ya kupiga yowe akipewa habari kama hiyo.

Binti aliingia na bakuli la uji, anaupuliza. Akaiona televisheni imezimwa, akamwona mama yake, akaweka bakuli chini haraka.

"Mama ana nini? Filamu imemuudhi?"

"Si filamu. Analilia mtoto wake."

"Mtoto gani?"

Swali hilo lilikuwa limeulizwa vizuri, na mtu mwenye haki ya kuliuliza. Ulimi wa Fundi ulikwisha kulitafuta lile jibu la zamani, la tutakwenda, la ngoja kwanza. Akasogea kwenye kochi, akampa binti nafasi upande wa mama yake.

"Kaa hapa," alisema. "Ulikuwa na kaka. Nilimzika mimi, na sijui ni wapi."