Kiwanja Namba Kumi na Saba

Kanuni ya tatu aliiandika Niyitegeka mwenyewe. Ilisema kwamba mchango wa ukuta hulipwa kwa jina la mwenye kiwanja, na kwamba mwenyewe lazima ajibu, kwa barua, kwa simu au kwa mdomo, ijulikane kuwa yupo na anakitaka. Kiwanja kitakachokosa jibu hadi tarehe 31 Agosti kitahesabiwa kuwa kimya, na nafasi ya ukuta itakatwa kwake peke yake.

Haikuwa sheria ya serikali. Yalikuwa makubaliano ya avenyu moja ya mtaa wa Katoyi, viwanja thelathini na kimoja. Kila Septemba maji hushuka kutoka upande wa volkano yakiwa na mchanga na mawe, hujaza mfereji na kuingia majumbani. Ukuta wa zamani, uliojengwa kwa mawe ya lava, ulikuwa umebomoka sehemu tatu na hakuna ofisi iliyokuja kuutazama. Wakazi waliamua kuujenga na kuutunza wenyewe, kila kiwanja kikitoa kulingana na ukubwa wake na umbali wake kutoka mfereji.

Kupima alipewa Niyitegeka, kwa sababu alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minne na hakuna aliyewahi kumwona akipunguza wala kuongeza. Alikuwa na miaka sitini na minane, mkewe amekufa, naye aliishi peke yake kwenye kiwanja namba 16. Alitaka kila mwenye kiwanja ashike kichwa cha utepe, yeye asome mwisho wake, ili asiwepo wa kudai kaibiwa sentimita.

Kwa Hemedi, muuza vipuri aliyekaa sehemu ya juu, kazi ilichukua muda mrefu.

"Muzee, mimi niko juu," Hemedi alisema, utepe mkononi. "Maji itanifikia namna gani? Itakodi pikipiki?"

"Haitakufikia. Inatoka kwako. Hii mabati yako yote inamwanga maji wapi?"

"Kwa mfereji."

"Basi. Wewe fungu moja. Batu ya chini, mafungu tatu."

Nasiba, shefu, yaani kiongozi wa avenyu, aliyekuwa akiandika kwenye daftari, alicheka. "Hemedi, lipa tu. Ukiendelea kubishana, huyu muzee atapima na kichwa yako."

Kiwanja cha jirani kilikuwa cha Useni, mdogo wake Hemedi, aliyehamia Kindu. Wiki iliyopita Hemedi alitaka kumlipia, Niyitegeka akakataa. Kwenye avenyu ya chini watu walikuwa wamewalipia majirani wasiokuwepo miaka mitatu mfululizo, kisha wakauza viwanja vile wakionyesha risiti. Kanuni ya tatu ilitokana na hilo. Sasa Hemedi alitoa simu na kuiinua. Sauti ya Useni ilitoka, nyuma yake watu wakizungumza na sahani zikigongana.

"Muzee Niyitegeka, ni miye Useni. Parsele ni yangu. Mwambie Hemedi asiniuzishie."

Walicheka wote. Niyitegeka alimwambia Nasiba aandike "amejibu", pamoja na tarehe na saa.

Kiwanja namba 17 kilikuwa cha mwanawe, Fortunat. Mwaka 2012 Niyitegeka alikata kiwanja chake katikati na kuiandikisha nusu moja kwa jina la kijana, kama wafanyavyo baba wengi wa mji ule ili baada ya mazishi wajomba na baba wadogo wasigombanie kitu. Hati alizitayarisha mwenyewe, na hazikuwa na kosa hata moja. Fortunat alijenga msingi wa nyumba, mita tisa kwa saba, na mwaka 2018 akaenda Kampala. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baada ya mazishi ya mama yake, ambayo hakuyahudhuria, alipiga mara mbili. Miaka miwili iliyofuata, kabla ya kanuni ya tatu, Niyitegeka alitoa mchango wa namba 17 wa kuzibua mfereji na kusema Fortunat ametuma. Hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa Mei alimwandikia. Alieleza kanuni na tarehe ya mwisho, akasema neno moja lingetosha. Simu ilionyesha kwamba ujumbe umesomwa siku ileile. Aliandika tena Juni, na Julai mara mbili. Zote zilisomwa. Mwishoni mwa Julai picha ya Fortunat kwenye simu ilibadilika: alikuwa amesimama kando ya gari jeupe, amembeba mtoto wa kike. Niyitegeka aliikuza picha hiyo. Kwa urefu wa miguu, alikadiria mtoto ana miaka miwili.

Mfereji ulipinda kati ya namba 17 na namba 18, na hapo ukuta ulihitaji nafasi ya mita nne. Kama Fortunat angejibu, viwanja hivyo viwili vingegawana, mita mbili kila kimoja, na msingi ungebaki, kwa kuwa ulianza mita tatu kutoka mpakani. Kama asingejibu, namba 17 ingetoa mita zote nne.

Tarehe 31 Agosti, saa kumi jioni, Nasiba alikuja na daftari. Alikaribishwa kiti, cha pili kilikuwa na karatasi, Niyitegeka akaziondoa na kukaa.

"Imebaki moja tu, papa," alisema Nasiba.

"Najua."

"Fortunat amesema nini?"

"Hajasema."

Nasiba alifunga kalamu. "Sikiliza. Wewe ni baba yake. Ukisema mutoto amepiga simu, nani ataomba kusikia? Mimi sitaomba."

"Kwa Hemedi niliomba."

"Hemedi ni Hemedi."

"Kanuni ni ile ile."

"Na ule msingi?"

Niyitegeka alitazama dirishani. Kutoka pale msingi ulionekana wote, majani yameota katikati ya vyumba. Alijua kwamba Nasiba angeandika chochote atakachomwambia, na kwamba mtu yeyote wa avenyu angemsamehe. Alijua pia kwamba ujumbe wa mwisho ulisomwa siku thelathini na tisa zilizopita.

"Andika: hajajibu," alisema.

Nasiba aliandika. Alikaa kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akauliza kama amekula, akaambiwa amekula, akaondoka.

Mafundi walianza Jumatatu. Niyitegeka alipigilia vigingi mwenyewe na kuvuta kamba, mita nne kamili kutoka mpaka wa zamani. Kamba ilipita juu ya msingi na kukata mita moja ya chumba cha mbele. Ézéchiel, fundi mkuu, mtu wa Rutshuru ambaye hakuwa mwenyeji wa avenyu ile, aligonga saruji kwa kisigino.

"Hii ni kazi nzuri. Mawe yake tutatia mu ukuta?"

"Mutie."

"Mwenyewe hatakasirika?"

"Hapana."

Nyundo tatu zilianza pamoja. Mawe yalitoka makubwa, yakiwa na saruji bado. Ézéchiel aliyapanga kando, kisha akaegemea sururu.

"Ilikuwa nyumba ya nani, muzee?"

"Haikukuwa nyumba," Niyitegeka alisema, akamsomea kina cha kuchimba: sentimita themanini.