Theluthi Yenye Mlango

Hamo wa Wickendon alipofariki, sheria ilimpa mjane wake Avice theluthi ya kila kitu kwa muda wote wa uhai wake: theluthi ya mashamba, theluthi ya bwawa la samaki na theluthi ya nyumba. Mashamba yaligawanywa asubuhi moja bila kelele. Bwawa liliachwa kama lilivyo, maana samaki hawaambiliki. Kazi ilikuwa kwenye nyumba.

Ilikuwa nyumba ndefu ya mwaloni, fito na udongo, na Avice aliingia humo bibi harusi mwaka ule ule iliposimamishwa, mbao zikiwa mbichi bado. Alizisikia zikikauka. Kwa miaka mingi ziliguna na kujinyonga kila moja kivyake, mpaka akajua ni boriti ipi inalalamikia mvua na ipi inalalamika tu. Katikati palikuwa na ukumbi usio na dari, moto ukiwaka sakafuni juu ya mawe, moshi ukipanda kwenye makombamoyo meusi kutafuta tundu la paani. Upande wa juu wa ukumbi kulikuwa na jukwaa la meza ya bwana, na nyuma yake ngazi ya kwenda chumba cha kulala ghorofani. Upande wa chini kulikuwa na ujia wa kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, kisha ghala la mikate na ghala la pombe. Mabwana wote wa pande zile walijenga hivyo, na hakuna aliyejisumbua kuuliza kwa nini.

Mrithi alikuwa Osbert, mtoto wa mke wa kwanza, mtu mzima mwenye sauti kubwa na subira kubwa. Sauti yake Avice alishaizoea. Kilichomtisha ni ile subira.

Basi majirani wakaja na kamba ya kupimia, wakiongozwa na Rayner, msimamizi wa mashamba. Kamba haijakunjuliwa, Osbert keshachagua.

"Mke wa baba achukue upande wa chini," alisema. "Kuanzia hizi nguzo mbili kubwa za katikati, kwenda kule kwenye maghala. Mimi nabaki na jukwaa, moto na chumba cha juu. Bwana wa nyumba halali na mapipa."

"Na mimi nitaota moto gani?" Avice aliuliza.

"Mablanketi unayo."

Rayner alikuna kidevu. "Bibi Avice si anaweza kuwasha wake mdogo tu, huko huko kwake?"

"Chini ya paa la nyasi? Pembeni mwa ukuta wa fito? Atuchome sote. Hapana, tuapishane kabisa. Hakuna moto mpya."

Avice aliziangalia zile nguzo, akauangalia ukuta wa huku na wa kule. Hakuwa na haraka.

"Sawa," alisema. "Hakuna moto mpya. Na hakuna mlango mpya, wala dirisha kupanuliwa. Mtu asiguse kigingi wala bonge la udongo. Nyumba ibaki Hamo alivyoiacha."

Osbert alicheka. "Mlango mpya wa nini?"

Wakaapa wote wawili, mkono juu ya Injili, padri akiwa shahidi. Rayner akachora mstari wa mkaa sakafuni, kutoka nguzo hadi nguzo. Majirani wakanywa pombe ya marehemu, wakatoa pole, wakatoka mlangoni mmoja baada ya mwingine. Osbert aliwasindikiza mpaka kwenye mstari, akasimama.

Aliutazama mlango wa mbele. Akainama kidogo akautazama wa nyuma. Kisha akageuka, akaanza kuzikagua kuta zake moja moja, taratibu, na Avice alikaa kwenye kigoda chake akimwangalia anavyozimaliza.

"Nataka kwenda chooni," Osbert alisema mwishowe.

"Nenda, baba," alisema Avice. "Ila si kwangu."

Madirisha ya ukumbini yalikuwa na miti ya mwaloni iliyosimama, imebanana kiasi kwamba hata paka alipita ubavu. Ni dirisha la ghorofani peke yake lililokuwa limeng'oka mti mmoja zamani. Kuanzia siku hiyo bwana wa Wickendon alitoka nyumbani kwake kwa ngazi ya kuvunia matofaa. Wageni wake walipanda humo humo. Padri alikuja mara moja, akakwama, akatoa baraka zake akiwa hapo hapo. Petronilla, mke wa Osbert, ambaye alikuwa mjamzito, hakusema neno kuhusu ngazi ile, isipokuwa kila siku.

Maisha yakaendelea, kama ni maisha. Maghala yalikuwa kwa Avice na chungu kilikuwa kwa Osbert, kwa hiyo Avice alikula mkate na jibini baridi, na Osbert akala mchuzi wa nyama ya nguruwe bila mkate, akishushia pombe ya kijijini ambayo kila mtu aliijua. Ukuta wa katikati haukuwepo na kuujenga ilikuwa haramu kwa kiapo, hivyo walitazamana kutwa, huyu jukwaani, huyu ujiani. Joto la moto lilifika kwenye mstari likaishia hapo. Moshi haukuapishwa, ukaja wote kwa Avice.

Noeli ilipopita akaanza kukohoa. Theluthi yake ilikuwa ya uhai wake tu. Akifa, mlango na maghala na vyote vinarudi kwa Osbert, na Osbert alilijua hilo vizuri. Hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kukaa karibu na moto na kusikiliza kile kikohozi, na alikuwa msikilizaji mzuri. Avice angeweza kuhamia kwa kaka yake, mjini Ludlow, akawe shangazi wa kulishwa, mezani akimsikiliza wifi yake. Hakutaka. Alitaka kuishi, tena ndani ya nyumba hii, na aliogopa kufa kama anavyoogopa mtu yeyote, bila fahari yoyote.

Uchungu ulimshika Petronilla asubuhi ya theluji nyingi. Mkunga, Emmot, mwanamke mpana na mwenye kazi nyingi, alifika chini ya dirisha, akaiangalia ngazi, akamwangalia Osbert aliyetoa kichwa huko juu.

"Mimi hapo sipandi," alisema. "Mwambie mkeo ashuke azalie nje, au fungua mlango."

Osbert alikimbia mpaka kwenye mstari. Alikuwa amekwisha fungua kinywa aombe, lakini Avice alikuwa tayari ujiani, komeo mkononi, na Emmot anakung'uta theluji sakafuni.

"Aletwe hapa kwenye moto," Emmot alisema. "Huko juu kuna barafu. Bibi Avice, njoo unisaidie. Wewe bwana, toka. Mwanamume hakai kwenye uzazi."

"Nitoke niende wapi?"

"Kule." Akamwonyesha upande wa chini. Kisha akafunga kamba kwenye nguzo mbili za katikati na kuanika mashuka.

"Tuliapa hakuna kuzigusa," alisema Osbert.

"Mimi sijaapa chochote."

Mchana kutwa Avice alishika mikono ya Petronilla, akachemsha maji, akafuta jasho, na jasho jingine lilikuwa lake mwenyewe. Giza lilipoanza kuingia mtoto akalia. Avice alipita nyuma ya shuka, mashavu yamemwiva kwa moto, akamkuta Osbert kwenye kigoda chake, amejifunika mablanketi yake yote, midomo ya buluu, anakohoa.

"Msichana," alisema. "Wote wazima."

Osbert alishukuru Mungu, meno yakigongana. Kisha akasema, "Hapa pana baridi."

"Ndiyo."

"Na moshi wote unakuja huku."

"Ndiyo."

Osbert alijivutia blanketi. "Mke wa baba, mimi nilikuwa nangoja ufe."

"Najua. Hakuna ukuta. Nilikuwa nakuona ukingoja."

Osbert aliinamisha kichwa, akaona haya mpaka masikioni. Alitaka kusema kitu kingine lakini sauti ya Petronilla ilitoka nyuma ya shuka kwanza.

"Mtoto abatizwe leo leo, ni mdogo. Avice ndiye atakayemshika, awe mama yake wa ubatizo."

"Tulishamwambia yule bibi wa Norcote," alisema Osbert.

"Barabara zimefunga. Au unataka umtoe mtoto dirishani ukamtafute huyo bibi?"

Wakaenda kanisani kwenye theluji, Avice na kichanga kifuani chini ya blanketi, Osbert nyuma akibeba taa. Mtoto wa nchi ile huchukua jina la yule aliyemshika, kila mtu analijua hilo, lakini padri lazima aulize, akauliza.

"Avice," alisema Avice.

Osbert alihamishia taa mkono wa pili.

Waliporudi, Avice alisimama kando ya mlango. "Pita," alimwambia. Osbert akapita, akagonga paji la uso kwenye boriti, maana alikuwa amekwisha sahau kuinama. Alisimama akijisugua. Kisha akanyanyua kigoda cha ujiani, akavuka nacho mstari, akakiweka karibu na moto.

"Kaa hapo."

"Tuliapa, Osbert."

"Tuliapa moto na mlango. Kigoda hakikutajwa."

Avice akakaa, akampa Petronilla mtoto wake.

"Anaitwa nani?" Petronilla aliuliza, ingawa alijua.

"Avice," alisema Osbert.

Tangu aingie nyumba hii bibi harusi, Avice hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa Osbert, na aligeuka kuitika kabla hajakumbuka kwamba aliyetajwa si yeye. Osbert alimwona akigeuka. Akasogeza gogo jingine motoni.