Msiba Usio na Jiko

Usiku wa jana niliota, na safari hii niliota nikiwa na mwiko mkononi.

Nilikuwa namtafuta mjukuu wangu Nsia, aliyeko Ujerumani akisomea riwaya za huko. Jioni, kabla sijalala, alinipigia simu. "Bibi, nimekwama. Riwaya zote zinauliza Mungu alikuwa wapi miji ilipoungua vitani. Bila jibu, chakula hakipiti."

Nililala nikiwaza hilo la chakula.

Basi nafungua mlango wa stoo yangu, naingia maktaba. Riwaya wameketi kwenye mabenchi kama watu, wamevaa makoti, wanakohoa. Nsia yuko katikati yao, midomo imemkauka. Hanioni.

"Kuna nini?" namuuliza riwaya mwembamba wa mlangoni.

"Msiba. Mungu amefariki."

"Nani kasema?"

"Nimesikia kwa yule mnene. Naye alisikia kwa mwenzake."

"Mwili mmeuona?"

"Bado."

"Na jiko liko wapi?"

Wanatazamana. Watu wako msibani tangu vita iishe, hata chai hawajapewa!

Natafuta mafiga. Maktaba inageuka stesheni ya treni, mafiga yanapanda behewa. Nayakimbilia, kanga inanivuka.

"Tiketi," linasema figa la kwanza.

"Mimi ni bibi yake Nsia."

"Pita, mama." Lingine linasogea nipate pa kukaa. Wema wake sitausahau.

Treni inasimama jikoni kwangu. Nawasha kuni, nakoroga uji. Upepo unavuma, moto unazima, nauwasha tena. Riwaya mnene amesimama nyuma yangu, kurasa zake zinanuka moshi mkavu wa zamani.

"Wewe unaamini yuko hai?" ananiuliza.

"Ngoja, uji utashika chini. Kwanza mfiwa ni nani?"

Riwaya mnene anainua mkono polepole. "Mimi. Mji wangu uliungua, mama yangu akiwa ndani. Nilimwita Mungu, sikusikia kitu. Bado namwita."

"Pole, baba."

Anakaa chini karibu na moto. "Wasomi wamenihoji sana," anasema. "Hilo hawajawahi kuniambia."

Nampa bakuli. Nsia naye yumo jikoni, ananiona sasa.

"Bibi! Na jibu?"

"Sina, mjukuu wangu. Huyu bado anamwita. Kaa naye."

"Nikae tu?"

"Ule naye. Mfiwa halishwi akitazamwa na mwenye njaa. Shika bakuli."

Anashika. Treni inapiga honi.

Nikaamka. Simu ilikuwa inaita.

"Bibi, nimekula!"

"Umekula nini?"

"Uji. Nimeukuta mlangoni kwangu, nikajua ni jirani. Ila, Bibi, unanukia kuni. Huku nani anapikia kuni?"

Nikageuka kuutazama mwiko ukutani. Ulikuwa unadondosha uji sakafuni, tone moja moja.