Fremu Aliyoitengeneza Norris

Damu ya Lyndon iliporuka ukutani pale klabu ya wafanyakazi ya mji wa Barnsley, mama yake, Glenys, alikuwa ametoka tu kucheka. Hilo ndilo linalomuumiza hadi leo.

Ilikuwa Jumapili mchana, mchezo wa bingo umekwisha, watu wana bia na pai zao. Desturi ya klabu ile, mtoto wa mtaa akishatokea kwenye televisheni, picha yake hutundikwa kando ya baa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Lyndon, mchekeshaji, tena mwandishi wa vichekesho vyake mwenyewe. Fremu ya mwaloni aliitengeneza jirani yao Norris, seremala aliyefiwa na mke, na hakutaka hata ahsante.

Lyndon akashika maikrofoni. "Jamani, Norris si mnamjua? Kila usiku anamlaza mkewe kitandani. Mke gani, na tulishamzika? Gauni lake la kulalia! Analifunika blanketi, analiambia, 'Sogea, mpenzi, miguu yako ya baridi!'"

Watu hawana mbavu. "Norris, jana alilala upande gani?" mmoja akapaza sauti. Glenys naye akacheka, kisha akakumbuka Lyndon kayapata wapi hayo. Siri ile aliiona yeye, alipokwenda kumfulia Norris nguo, akamsimulia mwanawe kwenye chai, kupiga soga tu. Angekumbuka kwamba mtoto anayeandika hasahau kitu, angefunga mdomo.

Norris akainuka mezani pake. Aliishusha picha, akapanda jukwaani, akampiga nayo Lyndon usoni. Kioo kikapasuka. Akapiga tena. Mara ya tatu fremu ikavunjika, akabaki na kipande chenye ncha, akamshindilia nacho mdomoni.

"Cheka sasa! Cheka, mbwa we!"

Wanaume wanne ndio waliomtoa Norris. Meno matatu Glenys aliyaokota kwenye zulia.

Hospitali walimshona Lyndon nyuzi kumi na tisa mdomoni. Jicho la kushoto halikupona. Kusema hawezi, akaomba karatasi kwa ishara. Glenys akadhani mwanawe anataka kuomba radhi.

Akaandika: "Mama, hii watacheka mpaka wafe. Polisi walipomchukua alisema nini?"

Glenys alisikia kila neno. Norris, pingu mikononi, alikuwa akilia, akiomba mtu aende akalifunike lile gauni, nyumba ina baridi.

"Hakusema kitu," akajibu, akamnyang'anya kalamu.