Dodoso Nyumbani kwa Hajja Nawfa

Kwa mujibu wa utafiti wa chuo kikuu, mtaani kwetu Irbid, Yordani, karibu hakuna mama mwenye huzuni. Nyumba kumi na tisa zilikuwa zimeshapitiwa, na aliyepatikana na unyonge alikuwa mmoja tu: mjane anayeishi peke yake na mtoto mchanga, na kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumjibia maswali.

Nyumba ya ishirini ilikuwa ya Hajja Nawfa, mama mkwe wa binti yangu Dalal. Dalal alijifungua humo miezi minne iliyopita. Tangu siku hiyo hali chakula, halali usingizi, na mtoto akilia anamtazama kama mtu anayetazama mvua ya mji mwingine. Mumewe, Sufyan, yuko kazini Kuwait. Hajja alishatoa tiba zake: uji wa karawiya wanaopikiwa waliojifungua, shanga ya buluu kitandani ya kukinga kijicho, na kauli kwamba wasichana wa siku hizi wanadeka.

Mimi ndiye niliyemwandikisha Dalal kwenye utafiti. Anayepata alama kumi na tatu za huzuni au zaidi anapelekwa kliniki moja kwa moja. Anayekwenda mwenyewe anangoja miezi mitano. Mwanangu hakuwa na miezi mitano ya kungoja.

Mtafiti aliitwa Sirin, msichana wa viatu safi na kalamu tatu. Alianza kwa kueleza kwamba majibu yote ni siri. Alieleza hivyo mbele ya Hajja, mbele yangu, na mbele ya Rudayna, wifi yake Dalal, aliyekuwa akikata bamia.

"Siri kabisa," Hajja akakubali, akisogeza kiti chake karibu. "Uliza, binti yangu."

"Dada Dalal, wiki hii umepata kucheka?"

"Anacheka sana," akajibu Hajja. "Jana tu amecheka."

"Jana alikohoa," nikasema.

"Na kulia bila sababu?"

"Humu hatulii bila sababu," akasema Hajja. "Na sababu hatuna, alhamdulillahi."

Sirin akamgeukia Dalal. Dalal akatazama zulia. "Alhamdulillahi," akasema.

Sirin akaandika sifuri. Swali la tatu, sifuri. Nilisomea maabara miaka miwili. Najua damu iliyomwagiwa chai haipimwi. Hapa ilikuwa inapimwa, na kwa kalamu tatu.

"Hajja," Sirin akajaribu, "kwa taratibu zetu ingefaa dada abaki peke yake na mimi."

"Nikuache mgeni bila mwenyeji? Watu waseme Nawfa hajui kukaa na wageni?"

Sirin akainama, akaandika. Nilichungulia: *Familia iko karibu sana na mama.* Kweli tupu. Ingekaribia zaidi ingemkalia mapajani.

Ndipo kahawa ikaja. Nilipokea kikombe changu, nikakiweka mezani, sikukigusa tena.

Kisu cha Rudayna kikasimama. Kwetu wanaume ndio huweka kikombe namna hiyo, wakija kuposa au kuomba suluhu ya damu. Mwenye nyumba akikubali ombi, mgeni anakunywa. Akikataa, kikombe kinabaki pale na aibu inabaki nacho.

"Kunywa kahawa yako, Mama Rakan," akasema Hajja, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza.

"Nina haja kwako, Hajja."

"We! Umekuwa shekhe wa kabila? Masharubu yako wapi?"

"Yanaota. Marehemu baba yako aliwahi kuacha kikombe cha mgeni kikapoa?"

"Hata siku moja!"

"Basi."

Akanikazia macho. Kisha akasema, "Sema haja yako, mwanamke."

"Wewe, mimi na Rudayna twende jikoni, tufunge mlango, mpaka hawa wawili wamalize."

Dalal aliinua uso. Sikuwa nimeyaona macho yake tangu mwezi uliopita.

"Umeipata," akasema Hajja, kama mtu anayeng'olewa jino. "Kunywa."

"Nitakunywa wakimaliza. Nakujua."

Maswali yalikuwa kumi. Yalichukua dakika hamsini. Hajja aliosha sufuria moja mara tatu. Kisha sauti ya Dalal ikapita ukutani, kilio kirefu, na Hajja akafunga bomba.

"Kumbe analia."

"Analia."

Akaweka sufuria chini. "Nilipomzaa Sufyan nilijifungia chumbani mpaka mavuno ya zeituni. Mama mkwe akawaambia watu nina mafua."

"Mafua ya muda gani?"

"Miezi saba."

Sirin alipotoka hakuwa na kalamu hata moja mkononi. Alisema Dalal anatakiwa kliniki kesho saa mbili asubuhi, na asiachwe peke yake hata kidogo.

"Nalala hapa," nikasema.

"Amepata alama ngapi?" akauliza Rudayna.

"Ni siri," akajibu Sirin, na safari hii ilikuwa siri kweli.

"Watu wataambiwa anaumwa mgongo," akasema Hajja.

"Mgongo, sawa."

"Na mtoto nabaki naye mimi." Akafuta mikono kwenye kanzu. "Eti binti, hilo karatasi lako ni la wenye watoto wa umri gani?"

"Wasiozidi mwaka mmoja, Hajja."

"Wangu ana thelathini na mmoja."

"Basi hutaingia kwenye hesabu, samahani."

"Najua. Nauliza tu."

Nikarudi mezani, nikachukua kikombe changu. Kahawa ilikuwa imepoa na kuwa chungu maradufu. Nikainywa mpaka tone la mwisho, Hajja akinitazama.